Mfereji wa Mkulima na Taa ya Nyamirambo

Taa inapozimika usiku huko Nyamirambo, mtaa wa Waswahili wa tangu zamani mjini Kigali, mama anayenyosha sare ya mumewe huweka pasi kando na kutafuta mshumaa. Ni wachache wanaofikiri kwamba giza hilo laweza kuletwa na mfereji uliochimbwa kwa jembe katika milima ya kaskazini. Hata hivyo, jambo hilo lilipata kutokea nchini Rwanda mwaka 2004.

Safari ya maji huanzia Rugezi, kinamasi chenye mafunjo katika wilaya za Burera na Gicumbi. Udongo wake hunyonya mvua kama sifongo, kisha huiachilia polepole iingie ziwa Burera. Kutoka hapo maji hushuka hadi ziwa Ruhondo yakizungusha mitambo ya Ntaruka, iliyoanza kazi mwaka 1959. Huzungusha tena mitambo ya Mukungwa, kisha huingia mto Nyabarongo, upitao chini ya mlima Kigali, jirani na Nyamirambo yenyewe.

Wakulima wa Rugezi hawakuwa na nia mbaya. Mashamba ya vilimani hayakutosha kulisha watoto, nao wakachimba mifereji ya kukausha kinamasi ili wapate mahali pa kupanda. Mvua ilipopungua, sifongo haikuwa na akiba. Ziwa Burera likashuka, na mitambo, ambayo pia haikutunzwa vyema, ikapungukiwa nguvu. Serikali ikalazimika kukodi mitambo ya dizeli, bei ya umeme ikapanda, na umeme ukagawiwa kwa zamu.

Ndipo kilimo kikakatazwa kinamasini, nayo miti na matuta yakawekwa milimani kuzuia mmomonyoko. Mwaka 2005 Rugezi iliingizwa katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu zinazolindwa. Maji yalirudi, lakini waliokitegemea kinamasi kwa chakula walipata hasara ambayo mpango wa mapema ungeliweza kuipunguza.

Mpango wenyewe si mgumu kuelewa. Kiini cha kinamasi huachwa na mafunjo yake. Mifereji ya kandokando huwekewa milango, ifunguliwe wakati wa masika na kufungwa wakati wa kiangazi. Mashamba ya kumwagiliwa huwekwa chini ya mitambo, kwa maana maji yaliyokwisha kuzungusha mtambo hayapotei. Ndivyo ulivyokusudiwa mradi wa Nyabarongo ya Pili, ulioanza kujengwa mwaka 2022: bwawa moja litoe megawati 43.5, lizuie mafuriko na kunywesha mashamba.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, askari na raia hushika majembe pamoja katika umuganda. Kabla ya kuchimba mfereji, yafaa waulizane: maji haya yalikuwa yakienda wapi, na ni nani anayeyangoja huko chini?