Vidonge vya Chuma: Faida na Hatari Zake

Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 tu za chuma. Sehemu kubwa ya madini hayo imo katika hemoglobini, yaani ile rangi nyekundu ya damu ichukuayo oksijeni kutoka mapafuni na kuifikisha viungoni. Chuma kikipungua sana, mtu huchoka upesi na kuhema kwa kazi ndogo. Ndiyo sababu wajawazito hupewa vidonge vya chuma kliniki.

Hata hivyo, kimfaacho mwenye upungufu si lazima kimfae kila mtu. Vitamini C ikizidi, figo huitoa katika mkojo. Lakini mwili hauna njia ya namna hiyo ya kutoa chuma kilichozidi. Kinga yake kubwa ni utumbo, ambao hufyonza chuma kidogo zaidi akiba inapotosha. Kipimo kikubwa cha vidonge huweza kuishinda kinga hiyo. Isitoshe, vijidudu vingi vya maradhi navyo huhitaji chuma ili vizaliane.

Jambo hili lilidhihirika kisiwani Pemba, wakati malaria ilipokuwa imeenea sana huko. Watoto wa umri wa mwezi 1 hadi 35 walipewa chuma na asidi ya foliki kila siku. Mwezi Agosti 2003 utoaji huo ulisimamishwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba hatari ya kufa au kulazwa hospitali kwa watoto hao ilizidi ile ya wenzao wasiopewa chuma kwa asilimia 12. Lakini katika kundi dogo lililopimwa damu na kutibiwa malaria mapema, watoto wenye upungufu wa chuma walinufaika. Kwa hiyo, penye malaria nyingi, Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba watoto wapewapo chuma, kinga na tiba ya malaria ziwepo pia.

Hapana budi, basi, damu ipimwe kabla ya mtu kujinunulia vidonge hivi, na kipimo alichoandikiwa kisizidishwe. Chai isinywewe pamoja navyo, kwani huzuia chuma kufyonzwa. Maji ya machungwa husaidia. Zaidi ya yote, vidonge viwekwe mbali na watoto: mtoto mdogo akivimeza vingi kwa kuvidhania peremende, huweza kufa.