Wakaguzi wakiungana, mteja abaki na nani?

Mwaka 1998 Price Waterhouse na Coopers & Lybrand yaliungana, na makampuni makubwa ya ukaguzi wa hesabu duniani yakapungua kutoka sita hadi matano. Faida ipo: mwenye matawi nchi nyingi hupata mkaguzi anayefika kote. Lakini washindani wawili huweza kujikuta kwa mkaguzi mmoja anayejua siri za wote.

KPMG na Ernst & Young nayo yalitangaza kuungana mwaka 1997, yakaghairi Februari 1998. Afadhali. Arthur Andersen ilipoanguka mwaka 2002 kwa kashfa ya Enron yalibaki manne. Muungano ule ungepita, yangebaki matatu. Benki kubwa ikitaka kubadili mkaguzi, na mmoja wao tayari ni mshauri wake wa kodi, uchaguzi unakuwa finyu mno.