Kimhandu, Kilele Kisichotajwa

Wasafiri wengi wapitao Morogoro huinua macho wakauona mlima Lupanga umesimama juu ya mji, wakadhani wamekwisha kuijua milima ya Uluguru. Sivyo hata kidogo. Kilele kikubwa kuliko vyote ni Kimhandu, nacho kiko mbali kusini, ng'ambo ya pengo la Bunduki. Kimepita meta 2,600, hali Lupanga haufiki 2,200. Lakini mkubwa huyu hana picha ukutani wala hatajwi shuleni.

Karibu yake uko uwanda wa Lukwangule, nchi ya nyasi, tope na ukungu. Msitu wa huko juu ni wa miti mifupi iliyopindana, imevikwa kuvumwani toka shina hata tawi. Yuko na ndege aitwaye chozi wa Loveridge, asiyepatikana popote duniani ila Uluguru.

Na tuseme sasa kwa nini jambo hili lamhusu mtu wa pwani. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hugonga miteremko ya mashariki, zikamwaga mvua karibu mwaka mzima. Msitu huipokea, hunasa na ukungu wenyewe, kisha huyaachia maji kidogo kidogo. Hayo ndiyo Mgeta, Mvuha na Mfizigo, yote yakaingia Ruvu. Na kutoka Ruvu, kwa mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, Dar es Salaam hupata sehemu kubwa ya maji yake. Mama wa Magomeni afunguapo bomba hunywa mvua ya Uluguru, ajue asijue.

Msitu wenyewe umehifadhiwa kwa sheria, na tangu 2008 ni hifadhi ya mazingira asilia. Vema. Lakini chini ya mpaka wa msitu wanaishi Waluguru, ambao ardhi yao hurithiwa kwa ukoo wa mama, na mashamba yao yamening'inia kwenye miteremko. Wakoloni waliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi, wala hawakuwauliza. Mwaka 1955 watu wakakataa, ghasia zikazuka. Tena si kwamba Mluguru hajui matuta: wakulima wa mboga wa Mgeta wanayo hata leo, kwa hiari yao.

Baada ya 2006 palijaribiwa njia nyingine. Katika mradi mmoja, wakulima wa Kibungo, upande wa mashariki, walilipwa kwa kupanda miti na kuuhifadhi udongo, na baadhi ya fedha zikatoka kwa watumiaji wa maji walio bondeni. Sisi twaiona njia hiyo kuwa ya haki. Mradi ulikwisha, mvua haikukoma, wala kiu ya mji haikupungua. Yampasa kila atumaye ankara ya maji Dar es Salaam aseme ni senti ngapi ndani yake zipandazo kurudi mlimani.