Kavumu: Linux mpya inakataa diski? Usikimbilie kuifuta

Mwenye sekretariati ya kuchapa na kupiga fotokopi huko Kavumu, eneo la Kabare, kilometa karibu 30 kaskazini mwa Bukavu, anabeba mambo ya watu wengi ndani ya diski moja: kazi za mwisho za wanafunzi, kartasi za mashamba, barua za kuomba kazi. Diski ikikataa kufunguka, wateja ndio wanalia wa kwanza.

Tangu Microsoft ilipoacha kuhudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, Linux inafaa zaidi kwa mashini za zamani, tena hailipiwi. Lakini kuna shida inayojulikana: mtu anapanda kwenye Ubuntu 24.04, na diski ya nje iliyokuwa ikifunguka jana inakataa leo. Ujumbe unaotokea unatisha kupita kiasi, kana kwamba diski imekufa. Mara nyingi ni nzima.

Diski nyingi zilizotoka kwenye Windows zimepangwa kwa NTFS. Zamani Linux ilizifungua kwa programu ya ntfs-3g, ambayo ni mvumilivu. Toleo la 5.15 la kiini cha Linux, mwaka 2021, lilileta nyingine, ntfs3: ina mbio, lakini ni kali. Ikikuta alama kwamba diski haikufungwa vizuri, haifungui. Na alama hiyo kwetu haikosekani, maana umeme unakatika bila hodi, na watu wanachomoa diski kama vile wanachomoa chaja ya simu.

Kwanza, mashini ikikuomba kufomati, kataa. Andika «sudo dmesg», usome mistari ya mwisho. Ukiona «volume is dirty», peleka diski kwenye mashini yenye Windows, utumie «chkdsk /f» pamoja na herufi ya diski, kisha uitoe kwa utaratibu.

Windows haipatikani? Tafuta jina la diski kwa «lsblk -f». Kama ni sdb1, andika «sudo ntfsfix -d /dev/sdb1». Hii inafuta alama tu, haiponyeshi kila kosa. Diski ikifunguka, nakili faili kwingine mbele ya kazi yoyote. Kama inagonga-gonga ndani, izime: huo ni ugonjwa mwingine.

Wengine mashini yenyewe haiwaki mpaka mwisho: inangoja sekunde 90, halafu inasimama kwenye hali ya dharura. Hapo tazama faili «/etc/fstab». Ikitaja diski isiyochomekwa, ongeza neno «nofail» kwenye chaguo za mstari wake, uwashe upya.