Maarifa ya Usalama Yawafikie Wanaoyahitaji

Mwezi Novemba mwaka 2022 mji wa Kigali ulikuwa mwenyeji wa WikiIndaba, mkutano wa Waafrika wanaoiandikia Wikipedia, ile kamusi elezo ya intaneti ambayo msomaji yeyote aweza kuisahihisha. Wapo wanaoiona kazi hiyo kuwa burudani ya vijana. Suala la nanoteknolojia laonyesha kwamba inahusu hata uhai wa askari kazini.

Nanoteknolojia ni ufundi wa kutumia chembe zenye ukubwa wa nanomita 1 hadi 100, hali unywele wa binadamu una unene wa nanomita zipatazo 80,000. Chembe hizo hutiwa katika rangi, plastiki na vitambaa. Zikiwa zimeshikana ndani ya kitu kigumu, madhara yake ni haba. Hatari huanza zinapogeuka vumbi, kwani huweza kuvutwa kwa pumzi hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2014 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka aina moja ya mirija midogo ya kaboni miongoni mwa vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu.

Kinga yake yajulikana. Kwanza, tumia kitu kisicho na hatari iwapo kipo. Pili, fungia kazi mahali ambapo vumbi halitoki, na hewa chafu ivutwe nje kupitia chujio. Tatu, usifagie vumbi kavu. Lifute kwa kitambaa chenye maji. Barakoa na glavu ni ngome ya mwisho. Aidha, unga laini wa baadhi ya metali huweza kuwaka au kulipuka. Nchini Rwanda, zimamoto ni sehemu ya Polisi ya Taifa. Kwa hiyo ghala likiwaka, askari polisi ndio wanaoingia katika moshi huo.

Tatizo ni kwamba maarifa haya yamo zaidi katika ripoti za wataalamu. Nchini Marekani, Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini imewahi kuwa na mtaalamu wa Wikipedia miongoni mwa watumishi wake, na makala kuhusu hatari hizo zikaandikwa. Mwanasayansi huhitaji mafunzo kwa kazi hiyo. Amezoea kuwaandikia wenzake na kutetea ugunduzi wake. Kamusi elezo humtaka aandike kwa lugha nyepesi, asipendelee upande wowote, na kila dai alitegemeze kwa chapisho lililokwisha kuhakikiwa.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Ni wajibu wa vyuo vikuu kuwafunza wanasayansi wao kuandika makala hizo kwa lugha ambazo askari na fundi huzielewa. Mlinzi hapelekwi vitani bila kuelezwa habari za adui; vivyo hivyo, asipelekwe penye vumbi na moshi asioujua.