Maneno ya Sifa Yanayoanza kwa Herufi K

Katika makala hii nataka kueleza habari za maneno machache ya sifa katika lugha yetu, yaani yale yanayoanza kwa herufi K. Vitabu vya zamani viliyaita maneno haya sifa. Siku hizi darasani huitwa vivumishi. Kazi yao ni ile ile: kutueleza kitu kilivyo au mtu alivyo. Nimechagua K kwa sababu mbili. Kwanza, herufi hii ina tabia yake katika sarufi ambayo huwatatiza wengi. Pili, chini yake yamo maneno tunayowapa watu kila siku, mazuri na mabaya, nayo yafaa tuyapime kabla ya kuyatumia.

Mwingereza hutanguliza sifa kisha akataja kitu, na sifa yake haibadiliki, kiwe kitu kimoja au viwe mia. Sisi hutanguliza jina, kisha sifa hufuata na kuvaa alama ya jina lile. Ndiyo maana twasema mtu mkubwa, watu wakubwa. Mkorosho mkubwa, mikorosho mikubwa. Kisima kikubwa, visima vikubwa. Shamba kubwa, mashamba makubwa. Hapa Msimbu mtoto asiyejua hata kuandika hasemi "mikorosho kubwa". Sikio lake limekwisha kumfundisha.

Taabu huanza katika majina kama nyumba, meza, ndoo na barabara. Majina haya huipa sifa alama ya N. Neno -zuri likawa nzuri, -refu likawa ndefu, -baya likawa mbaya. Lakini N haikai mbele ya K. Hatusemi "nyumba nkubwa"; N huanguka, nasi twabaki na nyumba kubwa. Ndivyo inavyokuwa pia mbele ya P, T, S, F na CH: twasema kamba fupi, nguo chafu. Neno -pya peke yake, kwa kuwa ni fupi mno, limepata mpya.

Basi matokeo yake ni nini? Nyumba moja ni nyumba kubwa, na nyumba kumi ni nyumba kubwa vile vile. Sifa haitwambii hesabu. Mwanafunzi akimwandikia mzazi wake, "Naomba uniletee ndoo kubwa," mzazi atajuaje kama ni ndoo moja au mbili? Sharti neno jingine lisaidie. Ama tutaje hesabu, ama tutumie ile au zile, ama kitenzi kieleze: ndoo kubwa imepasuka, ndoo kubwa zimepasuka. Katika mtihani na katika barua, msaada huu haufai kusahauliwa.

Tena kuna jambo la viumbe. Mbwa, ng'ombe na simba ni majina yanayofanana na nyumba kwa kuwa hayabadiliki katika wingi. Lakini kwa kuwa ni viumbe hai, sifa yao huvaa alama ya mtu. Ndiyo sababu kwenye malango ya watu twasoma "Mbwa Mkali", wala si "Mbwa Kali". Bao la namna hiyo lina faida kwa mpita njia, maana akisoma "Mbwa Wakali" hujua kwamba wako zaidi ya mmoja!

Sasa na tuyatazame maneno yenyewe, hasa yale yanayokaribiana hata mtu akadhani ni mamoja.

Kubwa na kuu. Kubwa hupima ukubwa wa kitu. Kuu hutaja cheo chake au heshima yake. Mfano mzuri ni nchi yetu. Mji mkubwa kuliko yote Tanzania ni Dar es Salaam. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa huo ulikuwa na watu 5,383,728. Lakini mji mkuu ni Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulifanywa mwaka 1973, na mwaka 2018 Bunge likapitisha sheria ya kuutangaza rasmi. Mwenye kuandika kwamba Dar es Salaam ndio mji mkuu amekosa katika habari za nchi kwa sababu ya herufi chache tu. Vivyo hivyo mwalimu mkuu aweza kuwa mwembamba na mfupi, na ukuu wake usipungue. Wazee nao husema, "Jungu kuu halikosi ukoko," na hapo husifu hekima ya waliotangulia, wala hawapimi kimo cha chungu.

Kongwe na kuukuu. Yote mawili hutaja kitu cha siku nyingi. Lakini kuukuu ni kitu kilichochakaa, kama nguo kuukuu au kitabu kikuukuu kilichokatika jalada. Kongwe ni kitu kilichoishi miaka mingi, hata kikapata heshima kwa umri wake. Mnazi mkongwe waweza kuwa bado unazaa. Unguja kuna Mji Mkongwe, ambao mwaka 2000 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ungeitwa Mji Mkuukuu, nani angesafiri kwenda kuutazama?

Kavu. Hiki ni kitu kisicho na maji: kisima kikavu, nguo kavu, muhogo mkavu ambao kwetu Pwani huitwa makopa. Lakini neno hili limevuka mpaka wake. Mwenye macho makavu ni mtu asiyeona haya, na anayekwambia jambo kavukavu hakulipaka sukari.

Kali. Kisu kikali hukata, jua kali huchoma, pilipili kali huwasha, maneno makali huumiza moyo. Katika yote hayo mna nguvu inayopenya. Nguvu hiyo si mbaya kila mara, maana dawa kali huponya, na jembe kali hurahisisha kazi. Huko Kenya mafundi wanaofanya kazi nje, bila paa, wameitwa jua kali, na jina hilo limekuwa jina la kazi yao. Mwalimu mkali basi si lazima awe katili. Katili ni mtu anayeumiza bila huruma. Mkali aweza kuwa anatafuta faida yako.

Yako pia maneno yaliyotoka Kiarabu, kama kamili na karimu. Kamili halikubali kuvaa alama: twasema mwaka kamili, miaka kamili, kitabu kamili. Lakini likiongezwa mwisho wa -fu, hukubali mara moja: mtu mkamilifu, kitabu kikamilifu. Karimu limekwisha kuzoea mavazi ya kwetu, nasi twasema mtu mkarimu na watu wakarimu. Mwisho huo wa -fu, pamoja na -vu, ndio unaotoa sifa katika vitenzi. Kutoka kukomaa twapata -komavu, kutoka kukakamaa twapata -kakamavu, na kutoka kukunjua twapata -kunjufu. Hili la mwisho nalipenda kuliko yote: mtu mkunjufu ni yule ambaye uso wake na moyo wake havikukunjwa.

Nimefika sasa kwenye maneno mawili ambayo kwa maoni yangu yana hatari shuleni, nayo ni mkaidi na mkimya. Mkaidi ni yule anayeelewa aliloambiwa, aweza kulitenda, lakini akakataa. Methali husema, "Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi." Mkimya ni yule asiyesema sana. Sasa mtazameni mwanafunzi mgeni wa Kidato cha Kwanza. Shule ya msingi ya serikali alisoma kwa Kiswahili. Hapa hesabu, jiografia na biolojia zote ni kwa Kiingereza. Anaulizwa swali, ananyamaza. Anaulizwa tena, anatazama chini. Mara bweni zima linamwita mkaidi, na jina hilo humfuata hadi mwisho wa mwaka. Mtoto wa watu hakukataa kitu. Amekosa neno tu. Mtu akiitwa mkaidi kila siku, huona hana sababu ya kujaribu tena.

Kadhalika mwanafunzi anayesema ukweli mbele ya wakubwa wake huitwa mkorofi, na kumbe sifa yake halisi ni mkweli. Maneno yote mawili huanza kwa K, na yote mawili huvaa alama ile ile ya mtu. Kwa sarufi hayana kosa. Kosa liko katika haki.

Kwa hiyo nawashauri wenzangu, hasa sisi wakubwa wa mabweni, tuyapime maneno haya mara mbili. Tuangalie kwanza kama sifa imepatana na jina katika alama yake. Hilo mwalimu atalisahihisha kwa kalamu nyekundu. Kisha tuangalie kama imepatana na mtu mwenyewe. Hilo halisahihishwi na kalamu ya mwalimu, wala haliletwi katika mtihani, na sharti tulisahihishe sisi wenyewe. Wazazi nanyi, mnaposoma ripoti za watoto wenu likizo hii na kukuta humo neno mkimya, msiharakishe kuongeza mkaidi. Muulizeni kwanza mtoto ni neno gani alilokosa.