REDIO YA ASUBUHI NA WATU WA MWAMBAO WA NYASA

Mwezi wa Julai mmoja niliteremka kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay kwa shughuli za Chama, nikalala kwa mwenyeji wangu hatua chache kutoka ufukweni. Baada ya sala ya alfajiri nikatoka kwenda kuwatazama wavuvi wa dagaa wakirejea, kwani mtu aliyezaliwa kisiwani hawezi kulala mahali vyombo vinapoingia. Baridi ilikuwa kali. Kina mama walikwisha kujipanga na mabeseni yao, na juu ya mtumbwi uliopinduliwa paliwekwa redio ndogo ya betri, imefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Ndani ya redio ile walikuwa wakizungumza watangazaji wawili wa kituo kimoja cha Dar es Salaam, ambacho sina haja ya kukitaja. Walisoma vichwa vya habari vya magazeti, wakaeleza bei ya dola, wakacheka kidogo, kisha wakachukua muda mrefu, tena mrefu sana, kueleza foleni ya magari iliyopo Ubungo na njia ambayo mtu aweza kupita ili awahi Kariakoo. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Ndipo aliponigeukia akaniuliza: "Ndugu yangu, mimi huko Ubungo nina nini? Si wangeniambia upepo?" Akazungusha kitufe, akapata sauti kutoka Malawi kwa Kinyanja, lugha ambayo watu wengi wa pwani ile waielewa bila ya mkalimani, akarejea kwenye wavu wake.

Tangu asubuhi ile nimekuwa nikilitafakari swali la mzee yule, na leo nataka kuliweka mbele ya wananchi wa Visiwani na mbele ya viongozi wa Serikali, ambao najua wengi wao husoma safu hii wakati redio inanguruma mezani.

Pengine msomaji wa Unguja atauliza, sisi na Nyasa tuna lipi? Tunalo. Mitaani mwetu wapo waitwao Wanyasa, ambao mababu zao walitolewa kandokando ya ziwa lile, wakapitishwa kwa miguu hadi Kilwa, wakaletwa hapa kwa majahazi hadi soko lilipofungwa mwaka 1873. Fauka ya hayo, mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, ambao Wajerumani na Waingereza waliutia sahihi bila ya kutuuliza, ndio uliotutia sisi Unguja na Pemba chini ya himaya ya Mwingereza, na ndio huo huo uliochora mpaka wa Ziwa Nyasa ambao hadi hii leo haujamalizika kujadiliwa. Mwaka 1967 jambo hilo lilizusha maneno makali, na mwaka 2012 likazuka tena kwa sababu ya utafutaji wa mafuta. Watu wa Liuli na Lituhi wakawa wanaamka asubuhi na kusikia hewani kwamba maji wanayotekea yana mgogoro. Hebu jiweke mahali pao! Walihitaji mtu wa kuwaeleza kwa utulivu kama mtumbwi wao uende au usiende.

Si kwamba redio yetu haijui kazi hii. Utangazaji wa Dar es Salaam ulianza mwaka 1951, na Sauti ya Unguja ikaanza mwaka huo huo. Mwaka 1965 Serikali iliichukua redio ya Bara kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na kwa takriban miaka thelathini ikawa ndiyo sauti ya nchi. Mwaka 1973 ulipoendeshwa mpango wa Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio pamoja, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakanyanyuka wakaenda kuchimba vyoo. Miaka miwili baadaye ukaja Chakula ni Uhai. Mimi ni mtoto wa zama za baadaye kidogo, lakini nakumbuka marehemu babu alivyokuwa akitunyamazisha sote, hata sisi tuliokuwa tukidurusu juzuu zetu ukumbini, pindi ngoma ya taarifa ya habari iliposikika. Matangazo ya vifo yalisikilizwa kwa heshima hiyo hiyo, maana huenda akatajwa ndugu.

Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa watu binafsi, na mwaka uliofuata Radio One ikawa hewani. Vituo vikaongezeka kama uyoga wa masika. Mazungumzo ya asubuhi, yaani uchambuzi wa magazeti, biashara, siasa na maisha ya kila siku, yakawa ndiyo chai ya Mtanzania. Sisemi kwamba ni mabaya. Mkubwa ofisini huyaogopa zaidi kuliko barua kumi za malalamiko, na mara nyingi nimeona bomba la maji lililokatika miezi mitatu likiunganishwa siku ya pili baada ya kutajwa hewani. (Ingawaje Kiswahili cha baadhi ya watangazaji hao kinaniumiza masikio, hilo ni la siku nyingine.) Ninalolalamikia ni kwamba nchi wanayoizungumzia ina mji mmoja tu.

Tazama kahawa. Wilaya ya Mbinga ni nchi ya Wamatengo, watu wa milimani waliobuni kilimo cha ngoro, vile vishimo vinavyochimbwa mteremkoni kama sega la nyuki ili mvua isichukue udongo. Wao hulima kahawa ya Arabika, na kwa kahawa hiyo wamejenga nyumba na kusomesha watoto. Lakini bei ya kahawa haiamuliwi Mbinga. Mwezi wa Julai 1975 jalidi iliunguza mashamba ya Brazili, na kufikia mwaka 1977 bei ya dunia ilikuwa imepanda kupita kiasi. Julai 1989 mapatano ya mgawo wa mauzo ya kahawa duniani yalivunjika, bei ikaanguka. Februari 2025 ikapanda tena hadi kupita dola 4 kwa ratili moja mjini New York, kiwango kisichopata kuonekana. Mambo haya yote ni habari za asubuhi, almuradi yupo mtu wa kumweleza mkulima kwa lugha yake kwamba baridi ya ng'ambo ina uhusiano na gunia lililoko stoo.

Asipoelezwa, huingia mtu wa magoma. Kwa wasioyajua, magoma ni biashara ya kununua kahawa ikingali ua au punje mbichi mtini. Miezi ya kwanza ya mwaka, chakula kinapopungua ghalani na watoto wanadai sare na madaftari, huja bwana mmoja mwenye fedha taslimu au mahindi au mbolea. Hamlazimishi mtu. Hukopesha leo, na wakati wa mavuno huchukua kahawa kwa kipimo walichopatana siku ile ya njaa. Mkulima akija kupiga hesabu huona kwamba alilolipa ni mara kadhaa ya alilopokea. Serikali imeyapiga marufuku magoma, viongozi wamehutubia dhidi yake, hata mimi mwenyewe nimesimama jukwaani nikayalaani, na watu wakanipigia makofi. Jioni ya siku ile ile mzee wa makamo alinifuata faraghani akaniambia, "Mheshimiwa, umesema kweli, lakini yule bwana wa magoma ananiambia bei. Bei mbaya, ila ananiambia. Chama changu cha msingi kinaniambia nisubiri."

Sikuwa na jawabu. Ni kweli kwamba katika ushirika mkulima hupata malipo ya awali kwanza na mengine baada ya mnada, na huo ndio utaratibu wenye kumpa haki zaidi. Lakini kungoja bila ya habari ni mateso, na anayengoja gizani humshika mkono yeyote apitaye. Lau kila asubuhi ya msimu ingetangazwa bei ya mnada uliopita, kahawa ya daraja gani imepata kiasi gani, na malipo ya pili ya vyama fulani yamefika wapi, mtu yule wa magoma angebaki na fedha zake lakini asingebaki na siri yake. Yahitaji dakika tano. Foleni ya Ubungo hupewa zaidi ya hizo.

Upepo nao ni jambo la uhai. Watu wa Visiwani hatuhitaji kufundishwa hili: tulizika ndugu zetu baada ya MV Spice Islander tarehe 10 Septemba 2011, na mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai, tukazika tena baada ya MV Skagit. Nyasa ni ziwa lenye kina cha takriban mita 700, refu na jembamba, na katika miezi ya kipupwe upepo wa kusini-mashariki hulipitia kwa urefu wake wote hata mawimbi yakawa kama ya bahari ya kusi. Ndiyo miezi ambayo meli ya Vipya ilizama upande wa Malawi, tarehe 30 Julai 1946, wakafa watu 145. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri na tahadhari kwa bahari na maziwa; utabiri upo, tena wa bure. Lakini utabiri usomwao usiku kwa mkupuo mmoja pamoja na joto la mikoa yote haumfikii mtu ambaye saa hiyo yumo majini amewasha taa zake akiwangoja dagaa. Yeye ausikia wakati anaporudi, au kabla ya kutoka, alasiri.

Nalijua jibu la maofisa, kwani nimekaa nao vikaoni: siku hizi zipo redio za mikoani, kila mtu ana simu. Ni kweli, na redio hizo zinasikilizwa kwa mapenzi. Lakini hukaribisha ofisa wa ushirika aje studio saa moja asubuhi kujibu maswali ya wakulima, naye akasema angoja kibali. Kibali cha kusema bei ambayo imekwisha kupigwa mnadani! Kiti chake kikibaki kitupu, mtangazaji hujaza muda kwa salamu na muziki, kisha tukamlaumu kijana wa watu kwamba hana mada. Wilaya ya Nyasa ilitolewa katika Mbinga mwaka 2012 ili huduma zisogee karibu na wananchi. Kama ofisi imesogea, na sauti yake nayo isogee. Siku moja kwa juma yatosha kuanza: mtu wa kahawa, mtu wa uvuvi, mtu wa meli aseme MV Mbeya II itapita lini na kama imeahirishwa, aseme mapema, si baada ya mama mwenye magunia kulala gatini siku mbili.

Niliporudi Mbinga nilipanda gari la abiria. Dereva alifungua redio, na mazungumzo yalikuwa yangali yakiendelea, sasa juu ya kodi za fremu za maduka Dar es Salaam. Tulipoanza kuupanda mlima mawimbi yakakatika, ikabaki mikwaruzo tu. Dereva akaizima. Nyuma yangu wakulima wawili walikuwa wakibishana bei ya kahawa itakuwa kiasi gani mwaka huo. Mmoja alitaja bei, mwenziwe akamwuliza kaipata wapi, naye akasema kaambiwa na mtu aliyekuja kununua.